Pazia la Fundi wa Redio

Chuoni tulifundishwa redio kwa chaki. Mwalimu alichora transista ubaoni, nasi tukainakili, tukafaulu mtihani bila kuwahi kuishika. Vifaa vilikuwa vimeagizwa, na kila muhula tuliambiwa viko njiani. Mimi ni mtu ambaye hata nikiambiwa mvua inanyesha hutoa kwanza mkono dirishani, kwa hiyo sikuamini. Niliona wazi kwamba nitatoka pale na cheti cha uhandisi, nisiweze hata kutengeneza redio ya mama yangu. Nikaenda Kariakoo kutafuta fundi.

Nilimpata mmoja jirani na soko, mtu wa Lindi, mwenye kibanda cha mabati kilichojaa redio zilizofunguliwa matumbo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanitazama viatu. Siku zile kijana nadhifu anayeuliza maswali na hana kitu cha kutengenezewa alikuwa mtu wa kuogopwa, huenda ni mpelelezi.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mzee. Nataka kujifunza."

"Si mna chuo?"

"Tuna ubao."

Akacheka kidogo, akanisogezea kigoda. Nikawa naenda kila Jumamosi. Nilijifunza kuyeyusha risasi ya kulehemu bila kuunguza waya, kupima umeme kwa mita, na kutambua kifaa kilichoungua kwa harufu yake tu. Nilikuwa na furaha ambayo darasani sikuwahi kuipata. Lakini sikutulia. Nyuma ya kibanda lilining'inia pazia la kanga, na redio zilizomshinda fundi zilipelekwa huko zikiwa bubu, zikarudi zinaimba. Nilipouliza nani yuko nyuma, fundi alisema, "Mwenzangu. Hapendi watu."

Nani akae Kariakoo ilhali hapendi watu? Nikaanza kuwaza mali ya wizi. Nilikuwa nasomeshwa na serikali. Ningekutwa kwenye kibanda cha wezi ningefukuzwa chuo, na uhandisi wangu ungeishia hapo. Nikawa nageuza kila redio kuangalia kama namba yake imekwanguliwa. Fundi aliniona, na tangu hapo hakuthubutu tena kunipa mgongo. Tukafanya kazi hivyo, kila mmoja akimtupia mwenzake jicho la pembeni, na bado alinifundisha.

Jumamosi moja redio kaseti ya muuza samaki ilitusumbua asubuhi nzima. Nilipima huku na huku, nikisema kwa sauti nilichokiona kwenye mita. Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Umeanzia mwisho. Rudi kwenye betri."

Nikasimama wima, mikono nyuma. "Ndiyo, mwalimu."

Mwili ulitangulia akili. Sauti ilikuwa ya yule yule mwalimu wetu wa chaki, na ndivyo tulivyomjibu darasani. Pazia halikutikisika. Fundi aliweka bisibisi mezani, akanikazia macho, nami nikaelewa. Wakati ule mtumishi wa serikali wa ngazi ya mwalimu wetu hakuruhusiwa kuwa na kazi ya pembeni, na aliyechongewa alipoteza ajira.

Nilitaka kumwambia neno kupitia ile kanga. Kila nililolifikiria lilisikika kama la mpelelezi, na "Sijakuona, mwalimu" lilikuwa baya kuliko yote. Nikaaga na kuondoka.

Jumatatu aliingia darasani, akachora, akafuta, akatoka. Alimtazama kila mtu isipokuwa mimi. Jumamosi nilirudi Kariakoo. Fundi alinipokea mlangoni na hakusogea kunipisha.

"Hatakuja wewe ukiwepo," alisema. "Anadhani umetumwa."

"Na wewe, mzee?"

"Mimi sijui, mwanangu. Lakini wewe unalishwa na serikali. Yeye ana watoto nyumbani."

Nikaapa kwamba sitamwambia mtu. Ilikuwa kweli. Fundi alinisikiliza kwa upole, kama alivyomsikiliza mteja anayesema redio yake haijawahi kuanguka, kisha akaniomba nisirudi tena.

Nilitembea hadi Mnazi Mmoja nikiwa na hasira. Nilimkasirikia fundi, halafu mwalimu. Nilipochoka kuwakasirikia, nilijiuliza ningefanya nini kama ningekuwa mimi nyuma ya pazia. Wao walinivumilia Jumamosi zote zile. Mimi ningemfukuza yule kijana siku ya kwanza.