Ndoo ya Losheni Juu ya Spika

Jamani, niahidini kwanza kwamba mtacheka nikimaliza, siyo katikati, maana mkinicheka katikati nitaishia njiani na aibu yenyewe iko mbele huko. Mimi Jofrey, mtu mzima mwenye mke na ndevu (chache, lakini zipo), nilisimama mbele ya watu wa Kasulu nikichuruzika mafuta kuanzia utosini, nikashikishwa maiki, nikaulizwa swali moja dogo, na badala ya kuzimia kama mtu mwenye akili, nikalijibu.

Ilikuwa hivi. Nafanya kazi na dada mmoja anaitwa Spesioza kwenye karakana yake hapa mjini, tunatengeneza losheni ya kukinga jua. Dada Spesioza ana ualbino, na kazi hii aliianza kwa hasira zaidi kuliko biashara, kwa sababu losheni zilizokuwa zinaletwa kutoka mbali zilikuwa zinaisha katikati ya kiangazi, basi yeye anajifungia ndani wiki nzima huku wenzake wako shamba wanavuna maharage. Akaenda kujifunza, akarudi na ujuzi, na mdomo ukiwa mkali mara mbili. Siku ninayoisimulia tulikuwa na maonyesho ya wajasiriamali uwanjani, na Matroni wa kliniki moja ya Kibondo alikuwa anakuja kuikagua losheni yetu. Akiikubali, watoto wenye ualbino wanaotibiwa pale wanaanza kuipata kwetu kila mwezi. Akiikataa, wanaendelea kusubiri mzigo wa mbali na kuungua. Dada Spesioza alikuwa ameisubiri siku hiyo mwaka mzima.

Sasa, siri ya losheni ile ni unga wa zinki, na msifikirie unga wa sembe, huu ni laini kiasi kwamba ukifungua mfuko huku unapumua umeshaula. Tabu yake ni kwamba chembe zake zinapendana mno, ukizimwaga kwenye mafuta zinakumbatiana na kuwa madonge, kama uji uliopikwa na mwanamume (hayo ni maneno ya mke wangu, siyo yangu). Donge limelowa nje, ndani kavu kabisa, na mtu akijipaka losheni ya hivyo, hapa amekingwa, pale jua linampata. Kwa hiyo unga unatiwa kidogo kidogo, halafu unazamisha fimbo ya chuma ya mashine, inafanya kazi saa nzima mpaka kila chembe ijitegemee na isizame chini hata ndoo ikikaa siku kadhaa.

"Mashine inatoa mawimbi ya sauti," Dada Spesioza alinifundisha. "Sauti ambayo sikio lako haliisikii, lakini chembe zinaisikia na kuachana."

Maneno hayo niliyashika vizuri. Ndiyo yaliyoniponza.

Jana yake mchana aliniachia ndoo ya lita kumi, mafuta na unga vimeshapimwa, kazi yangu ni kuchanganya tu na kuweka mashine. Lakini kulikuwa na mpira, nikaona nitafanya asubuhi. Asubuhi nafika, nabonyeza swichi, kimya. Umeme umekatika. Nikaumwaga unga wote kwa mkupuo, nikaukoroga kwa mwiko mpaka bega likauma, madonge yananitazama tu, na ndipo simu ikaita.

"Jofrey, losheni tayari?"

"Tayari dada, imekaa kama mtindi." (Kwa nini mtindi? Sijui. Mtu akidanganya anapenda kupamba.)

Nimekata simu, nimekaa juu ya kreti nikitafuta ugonjwa wa kuugua, nikasikia kutoka uwanjani, du, du, du! Dijei amewasha jenereta anajaribu besi, na besi ile nadhani hata kijijini Makere waliisikia. Mabati ya karakana yanatetemeka, mwiko unacheza ndani ya ndoo wenyewe. Hapo nikapata wazo, na niliona nina akili kuliko walionisomesha. Kama sauti isiyosikika inatenganisha chembe, hii inayotingisha mabati si itazifukuza kabisa?

Nikachukua bodaboda, ndoo mapajani, mpaka uwanjani. Dijei ni rafiki yangu, hakuuliza mengi, tukaipandisha ndoo juu ya spika kubwa lililo mlangoni mwa uwanja, refu kunizidi, nikamwambia, "Kaka, weka wimbo wenye besi nzito, na usibadilishe."

"Kuna nini humo?"

"Utaalamu."

Haikupita muda watu wakaanza kukusanyika, wanaiangalia ndoo inavyotetemeka, mfuniko unapiga makofi. Bibi mmoja aliyekuwa anauza ndizi akanivuta shati. "Mwana wanje, hayo ni amata? Mnasuka maziwa kwa muziki siku hizi?" Nikamwambia siyo maziwa bibi, ni sayansi. Akageuka akawatangazia wenzake kwamba maziwa yanasukwa kwa sayansi, siagi ikitoka tupange foleni. Wakapanga! Mama mmoja akaja na bakuli. Na mimi, badala ya kuishusha ndoo nikajifiche, nikaanza kucheza, maana wimbo ulikuwa mzuri na nilikuwa najipongeza.

Kumbe kitu kikitetemeka kinatembea. Ndoo ilikuwa inasogea polepole, inasogea, na aliyeiona wa kwanza ni yule bibi: "Mawe! Mama yangu, siagi inaondoka!" Nikageuka, nikaona nusu ya ndoo iko hewani, na chini yake, mlangoni, anaingia Dada Spesioza na kofia yake pana, ameongozana na mama mmoja mnene, nadhifu, aliyejitanda mtandio wa samawati. Matroni. Nikaruka.

Niliiwahi, sitaki kudanganya, niliiwahi kwa kichwa. Kwanza yakashuka mafuta matupu, maangavu kama maji ya kunywa, maana besi haikutawanya kitu, imeukandamiza unga wote chini ukawa tope zito, halafu ndipo tope likafuata, pwa! Masikio, shingo, ndani ya shati. Madonge mengine yakavingirika mpaka kwenye viatu vya Matroni. Muziki ukazimwa. Hakuna kimya kibaya kama cha spika lililozimwa ghafla.

Matroni hakupiga kelele (ingekuwa afadhali). Aliinama, akaokota donge moja, akalipasua kwa kucha. Ndani kavu, unga ukapeperuka. Mshereheshaji, ambaye Mungu atamlipa, akaniletea maiki mdomoni.

"Baba," Matroni akasema taratibu, "hii umeichanganya na nini?"

"Na muziki, mama."

Uwanja ulipasuka. Bibi wa ndizi alikaa chini kabisa. Mimi nikamtazama Dada Spesioza nikitegemea matusi, na hakunitukana. Matroni akamuuliza kama ndivyo tunavyofanya kazi, naye akajibu, "Hapana mama. Hii sikuikagua mwenyewe. Leo sina cha kukuonyesha." Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. Matroni akapanda gari lake akarudi Kibondo mikono mitupu.

Tulipobaki wawili akanipa kanga nijifute, akasema, "Mimi ndiye ninayejipaka, Jofrey. Na wale watoto. Wewe ukikosea unaoga tu." Niliona aibu ambayo mafuta yale hayakuwa yameniletea.

Alimpigia Matroni simu mara tatu mpaka akakubali kuja karakanani kujionea. Safari hii Dada Spesioza aliuchanganya unga mwenyewe, mimi nikashika saa tu, chupa moja ya losheni ikawekwa dirishani ionekane kama unga utazama, Matroni akalala kwa ndugu yake hapa Kasulu, na kesho yake chupa ilikuwa nyeupe juu mpaka chini. Akajipaka mkononi, akausugua, akasema, "Nipe ndoo mbili tuanzie."

Siku ya kuzipeleka nilimsindikiza Dada Spesioza stendi, nimevaa vizuri kabisa. Akapanda gari la Kibondo, ndoo moja mapajani, nyingine katikati ya miguu, amezikumbatia. Nikapenyeza mkono dirishani nimsaidie kuiweka vizuri ile ya juu. Akanitazama, akasema mbele ya abiria wote, "Toa mkono."

Nikautoa. Na ninaapa mbele yenu, mashine ikiunguruma sasa nakaa pale saa nzima bila hata kupiga mluzi.