Boha Niliyoitema Mbele ya Wazee

Nakumbuka siku moja walivyonicheka, mwanangu, miaka ile ya Ujamaa. Nilikuwa nimerudi Lukozi kutoka Ujerumani na stashahada ya kutengeneza bia, wa kwanza huku milimani, na wa pili sijamwona hadi leo. Kila mtu alisema sitaweza. "Boha hailali hata wiki," walisema, "huyu anataka ilale mwaka!"

Boha ni pombe yetu ya miwa. Hunywewa ikiwa changa, maana ikikaa inakuwa siki. Mimi nilitaka kuilaza miezi minane katika pipa la mwaloni, kisha niichanganye na changa. Pipa aliniazima Mzee Shemhina, mwenyekiti wa kijiji. Zamani lilikuwa la divai ya mlowezi, naye alikingia maji ya mvua. Shangazi Eliza alinikopesha miwa yake yote ya bondeni.

"Ikiharibika," Mzee alisema, "pipa linarudi chini ya paa, na wewe unashika jembe. Cheti chako tutafungia ugoro."

Miezi minane ikapita, siku ya kuonja ikafika, wazee wakaja kukaa kulizunguka pipa. Nikazibua pipa, nikachanganya, harufu ikatoka kama asali iliyomwagikia mbao mbichi. Nikachota kwa kata, nikasukutua kinywani kama tulivyofundishwa chuoni, nikatema chini.

Kwetu mwenye pombe humeza kwanza, ili wageni wajue haina sumu.

"Wee Danieli!" Shangazi akapaza sauti. "Miwa yangu unaitema?"

"Shangazi, mwonjaji hamezi. Ndio utaalamu."

"Basi na sisi tuteme," Mzee akasema. "Kama mwenyewe anaikimbia, mimi ni nani?"

Wazee wakaanza kuinuka. Nikaliona jembe langu waziwazi. Basi nikajaza kata mpaka juu, nikaigugumia yote. Mwanangu, ile haikuwa pombe ya kugugumia! Nilitaka kusimama niombe radhi, miguu ikakataa. Nikaomba radhi nikiwa nimekaa chini, huku Shangazi akicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Sasa ndiyo pombe," Mzee akasema. Akanywa taratibu, akafumba macho, akatamka neno moja tu la Kishambaa. Maana yake: ongeza.

Kijiji kikanipa bonde zima nipande miwa. Ilipokomaa, nikamrudishia Shangazi miwa yake, mzigo kwa mzigo, na Mzee nikampelekea pipa lake, limesuguliwa, limejaa. Siku hiyo sikudaiwa na mtu yeyote. Na wale waliosema sitaweza? Walikuwa kwenye foleni, kila mmoja na kata yake.

Kwa hiyo, mwanangu, kasome, hata mbali kuliko nilikofika mimi, ukiweza. Lakini unachowakaribisha watu wako, kimeze wewe kwanza, mbele ya macho yao. Mungu akupe kazi ambayo hutaona haya kuimeza, na akupe miguu ya kusimama baadaye.