Bi Nawar na Gari la Khaliji

Bi Nawar alipata leseni ya udereva akiwa na miaka hamsini na saba, baada ya kuanguka mtihani mara sita. Mara nne aliangushwa na mapipa, yale wanayokupangia urudi kinyumenyume katikati yake bila kuyagusa. Mara mbili aliangushwa na woga wake mwenyewe barabarani. Mara ya saba askari aliyemtahini aliandika, akagonga muhuri, akamwambia kwa Kiarabu, "Hongera, mama, lakini nenda polepole." Alirudi nyumbani kwa teksi, na leseni ameishika mkononi.

Hakujifunza kwa kupenda. Kwa miaka thelathini na tatu mumewe, Hamdan, ndiye aliyekuwa akimpeleka kila mahali: skuli ya mtaa wao wa Hail alikokuwa karani, sokoni, kwenye maziko, kwa binti yao Alaa aliyeolewa Sohar. Kisha presha ya macho ikamla Hamdan kidogo kidogo, hata akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Siku moja alikwaruza gari lao kwenye ukuta wa jirani, ubavu mzima. Wiki ile ile akaliuza.

Kwa hiyo leseni ilikuwepo, gari halikuwepo, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza.

Ijumaa baada ya sala alikuja Khalil, kaka yake Bi Nawar, anayekaa Ansab. Khalil ni mtu wa magari. Ana rafiki mwenye yadi, na nusu ya ukoo wao wamenunua kupitia kwake. Alikaa, akapokea kikombe cha kahawa, akasema, "Nawar, gari yako nshaipata. Amerika. Safi kama yai."

"Gari ya Amerika haiingii nyumba hii," Hamdan akasema.

Hapa Maskati watu wanayagawa magari mafungu mawili. Yapo ya khaliji, yaani yaliyoagizwa na wakala wa hapa, yakatengenezwa kwa ajili ya joto la Ghuba. Na yapo ya Amerika, yaliyouzwa kwanza kule, yakatumika, kisha yakaletwa kwa meli. Haya ya pili Waarabu wanayaita *warid*, na sisi Waomani tuliokulia Kiswahili tukilisikia neno hilo tunafikiria ua la waridi.

"Zinakuja zimegongwa," Hamdan alisema. "Wenyewe wameshazitupa, sie tunazipaka rangi tunajisifu nazo."

"Si zote, shemegi. Na tazama mifuko ya hewa. Ya Amerika imejaa mifuko kila upande. Hiyo ya wakala wako inayo mingapi?"

"Na joto je? Mwezi wa sita ukifika, rejeta yake itahimili?"

"Kwani Amerika hakuna jangwa? Kuna miji kule inaunguza kuliko hapa!"

Bi Nawar alisimama na birika la kahawa. Akisema Hamdan, aliona kweli. Akisema Khalil, aliona kweli pia. Alijaribu kuanzia chini, kama alivyokuwa akiwafanyia wazazi waliokuja ofisini skuli na karatasi zimevurugika.

"Hii ya khaliji unayoitaka wewe, Baba Alaa, imetengenezwa wapi?"

"Japani."

"Na hiyo yako, kaka?"

"Kampuni ya Kijapani, lakini imeundwa Amerika."

"Basi zote za Kijapani."

"La!" wakasema wote wawili pamoja.

"Na lile gari kubwa la jirani, la Kimarekani?"

"Lile khaliji," Hamdan akamjibu.

Bi Nawar akaweka birika chini. "Ya Kimarekani ndiyo khaliji, na ya Kijapani ndiyo Amerika?"

"Ndivyo hivyo khasa," Khalil akasema, akafurahi kwamba dada yake ameelewa. Dada yake hakuelewa kitu.

Siku ya pili Khalil alilileta gari lake walijaribu. Lilikuwa la buluu, dogo, linanukia upya. Bi Nawar akakaa kwenye usukani, Hamdan pembeni yake, Khalil nyuma. Walitoka Hail taratibu, wakaingia barabara pana ambayo kibao chake kinaruhusu themanini. Mwalimu wake alikuwa amemwambia, "Ukiwa na wasiwasi, kaa sitini, hakuna atakayekulaumu." Akaupeleka mshale mpaka sitini, akauweka pale.

Na ikawa ajabu. Tangu aanze kujifunza hakuwahi kumpita mtu, yeye ndiye aliyekuwa akipitwa na hata malori ya mchanga. Leo aliyapita magari matatu, akaipita na teksi. Kifua kikamjaa furaha. Alijiona hatimaye amekuwa dereva.

"Unaona wepesi wake?" Khalil akasema kutoka nyuma. "Inateleza!"

Hamdan alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi. "Mama Alaa, punguza."

"Niko sitini."

"Hii si sitini."

"Sitini, Baba Alaa. Nnaiona kwa macho yangu."

Mara neno lilipomtoka alitamani alirudishe. Hamdan aliondoa mkono kwenye dashibodi, akauweka juu ya goti lake. Khalil alikohoa. Wakaenda hivyo, magari yakiendelea kuachwa nyuma, hata taa ya rada ya mwendo kasi ikawamulika, nyeupe, mara moja.

Bi Nawar aliegesha kando ya barabara. "Wamenipiga picha kwa kosa gani? Sitini! Si nimeona sitini?"

Khalil alijisukuma mbele katikati ya viti, akatazama. Kisha akajipiga paji la uso. "Laa ilaha illallah. Maili, Nawar. Namba kubwa hizi ni maili. Kilomita ni zile ndogo za chini. Nimesahau kukwambia."

"Sitini ya maili ni ngapi?"

"Inakaribia mia."

Aliteremka, akasimama kwenye kokoto juani, akakataa kurudi kwenye usukani. Khalil ndiye aliyewarudisha. Njia nzima Bi Nawar alikaa nyuma akitazama kisogo cha Hamdan. Walipobaki wawili sebuleni, akamsogelea.

"Niwie radhi," akasema. "Lile neno la macho."

"Miaka thelathini na tatu nimekaa kwenye usukani," Hamdan akajibu. "Sitini naijua kwa makalio." Akacheka, na Bi Nawar akacheka, lakini aliona kwamba mumewe hakumwambia amemsamehe, wala hakumwambia hajamsamehe.

Sasa kila mtu alikuwa na sababu zaidi ya kugombana. Hamdan alisema gari lisilojua hata kilomita halina kazi hapa. Khalil alisema kosa ni lake yeye, si la gari. Mwisho wakapatana jambo moja: Hamdan alete la kwake, Khalil alete la kwake, yote mawili yakaguliwe Jumamosi inayofuata kwa mtu asiyewajua.

Gari la Hamdan lilikuwa jeupe, la khaliji, la mwenzake wa zamani wa kazini, idara ya maji. Waliyapeleka kwenye gereji ya ukaguzi iliyo mbali na nyumbani, na fundi aliyewatokea alikuwa mwanamke: Millicent, Mkenya, nywele kazifunga kitambaa, tochi shingoni. Bi Nawar alifarijika kupata mtu wa kumwuliza kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili chenyewe kilikuwa cha namna nyingine.

Millicent aliyainua magari juu, akaingia chini yake, akagonga, akapima rangi kwa kimashine kidogo. Baada ya saa nzima alikuja akijifuta mikono.

"Mama, hii ya blue iko sawa kabisa. Haijagongwa, haijapakwa rangi, injini haina shida. Hii nyeupe ilipigwa mlango wa kushoto. Wakabadilisha mlango, wakapaka rangi. Lakini wametengeneza poa, na chini iko imara."

Bi Nawar alimtazama. "Hebu rudia. Iliyogongwa ni ipi?"

"Hii nyeupe. Ya khaliji."

"Na ya Amerika haijagongwa?"

"Hapana, mama."

Mambo yote aliyoyasikia Ijumaa yalikuwa yamegeuzwa juu chini. Khalil alikuwa kule kivulini akijifanya hasikilizi, akitabasamu peke yake.

"Sasa mwanangu, na wewe ungechukua ipi?"

Millicent alifikiri. "Unajua, kwetu Kenya tunabishana hivi hivi. Lakini kwetu watu wanataka ile imetoka nje, imeshuka meli juzi. Ile imetumika hapo nyumbani wanaikimbia, wanasema barabara zetu zimeiua."

"Kwenu ya nje ndiyo nzuri?"

"Eeh."

"Na hapa ya ndani ndiyo nzuri."

"Ndio wanasema hivyo. Na zote, mama, si zenu, si zetu. Zote zimetoka mbali." Akacheka. "Mimi siwezi kukuchagulia. Ni wewe utaendesha."

Bi Nawar alikwenda kumwambia Hamdan habari ya mlango. Alimkuta amekaa ndani ya lile gari la buluu, mlango wazi, ameinamia redio. Tangu macho yamwishie, redio ndiyo gazeti lake na televisheni yake. Asubuhi anasikiliza Qur'ani, mchana habari, jioni anabishana nayo kama mtu. Kidole chake kilikuwa kinabonyeza kitufe, kinangoja, kinabonyeza tena. Ilitoka mikwaruzo, ukatoka wimbo wa Kihindi, ikatoka mikwaruzo.

"Idhaa ya Qur'ani haishiki," akasema, bila kujua nani amesimama pale. "Inairuka."

"Redio za Amerika zinaruka baadhi ya namba za stesheni za hapa," Millicent alisema nyuma yao. "Nyingi ziko hivyo."

Bi Nawar akamwambia mumewe, "Njoo kwenye nyeupe." Akamshika mkono, akamwongoza, akamkalisha, akawasha. Sauti ya msomaji wa Qur'ani ikajaa gari zima, safi, katikati ya aya. Hamdan aliegemea kiti akafumba macho.

"Ninachukua hii," Bi Nawar akamwambia Millicent.

"Yenye imegongwa?"

"Hiyo hiyo."

Hakutoa sababu. Ingekuwaje amwambie kaka yake, mbele ya mumewe, kwamba ameacha gari zima zuri kwa ajili ya redio ya mtu asiyeona? Basi Hamdan aliamini ameshinda. Alimpigia Alaa simu Sohar siku ile ile: "Mama yako kaona mwenyewe. Khaliji ni khaliji, hata ikigongwa." Khalil alirudisha gari la buluu yadini, akaaga kwa adabu iliyozidi. Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala ya pili yake hakuja.

Ijumaa ya tatu Bi Nawar alijifunga mtandio, akachukua funguo, akaenda Ansab peke yake. Ilikuwa safari yake ya kwanza ndefu. Kwenye mzunguko mmoja alikosa njia ya kutokea, akazunguka mara tatu huku bwana mmoja wa lori akimpungia mkono kwa huruma. Alitokea mahali pasipo pake, akajikuta mbele ya duka la vigae, akauliza, akarudi. Alipofika kwa Khalil kanzu yake ilikuwa imemgandia mgongoni.

"Kaka, usinikasirikie," alisema kabla ya kukaa. "Gari yako ilikuwa nzuri kuliko hii. Nimeichukua hii kwa sababu ya redio. Qur'ani ya Hamdan haishiki kwenye yako."

Khalil alimkodolea macho. "Redio?"

"Redio."

"Nawar! Redio inabadilishwa! Fundi anaing'oa, anatia nyingine, hujamaliza kikombe cha chai. Na zile maili nazo zinageuzwa."

Bi Nawar alikaa chini. Alijiona mjinga, kisha akawaza kwamba hapana, hakuna aliyemwambia. Kisha akawaza kwamba hakuuliza. Kisha akacheka, na hakujua anacheka nini. "Mbona hukusema?"

"Mbona hukusema wewe?"

Khalil alitoka nje akalizunguka lile gari jeupe, akaupapasa mlango wa kushoto, akafungua boneti, akatafuta kwa bidii kitu cha kukitia kasoro. Akafunga. "Rejeta nzuri," akakiri. Halafu akafungua mlango wa abiria, akaingia. "Yalla, twende, nipeleke kwa shemegi yangu. Nna hamu ya kahawa ya kwenu."

Njiani alimwonyesha mahali pa kutokea kwenye ule mzunguko. Nyumbani hakuweza kujizuia, akaimwaga siri hata kabla ya kikombe cha kwanza: gari limechaguliwa kwa redio, si kwa khaliji.

Uso wa Hamdan ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu na kupewa kingine papo hapo, asijue akilalamikie kipi. "Kweli, Mama Alaa?"

"Kweli."

"Hukuichukua kwa kuwa ni khaliji?"

"Hata sasa sijui khaliji ni nini, wallahi. Nieleweshe."

Basi akaanza kumwelewesha, na Khalil akamkatiza, na sauti zikapanda. Mmoja alikuwa amefika kwenye matairi, kwamba yanatoka nchi gani, na mwingine anaapa kwamba hayatoki huko. Bi Nawar aliwasikiliza kwa makini kwa muda, akishika hili, akipoteza lile. Kisha akakumbuka kwamba sukari imekwisha. Akachukua funguo, akawaacha, akaenda dukani.