Umeme Usiouma

Bunju ndani, kule unakoingia ukishaiacha lami ya Barabara ya Bagamoyo, umeme ukikatika nusu saa tu watu wanalalamika utadhani wamefiwa. Sasa katika mtaa huohuo yupo mama mmoja mtu mzima, Adelina, aliyemwita fundi kwa hiari yake akamwambia akate. Akate kabisa, waya ushuke kutoka kwenye nguzo. Maneno aliyosemwa! Wengine wakadai kaingia dhehebu jipya, wengine wakasema ni ubahili tu wa uzeeni. Ubahili gani, wakati friji lake mwenyewe ndilo la kwanza kuzimika? Lakini ndio watu, midomo haikosi kazi. Hakuna aliyekwenda kumuuliza, na Adelina si mwanamke wa kujieleza kwa majirani.

Mumewe ni Mwalimu Adelard. Alifundisha sayansi shule ya msingi mpaka akastaafu. Wote wawili wametoka Bukoba, wakahamia Bunju kungali pori, mtu ukiishiwa chumvi unafunga safari. Nguzo za umeme ziliishia barabarani, na hakuna aliyejua zitaingia ndani lini. Mwalimu hakungoja. Akanunua paneli ya sola, akapata betri kubwa ya gari, akatandaza nyaya nyumba nzima kwa mkono wake: nyembamba, nyekundu na nyeusi, kazibana kwenye mbao za dari zimenyooka utasema kapiga rula.

Adelina aliogopa. Alikulia kwenye kibatari, na habari za umeme alizokuwa akizisikia ni za watu waliokufa nao. Jioni ile taa ya kwanza ilipowaka sebuleni alisimama mlangoni, hataki kuingia nyumbani kwake mwenyewe. Mwalimu akachomoa ncha mbili za waya, akalamba vidole, akazishika mbele yake huku anacheka. Kisha akamvuta mkewe mkono, akaviweka vidole vyake juu ya shaba ileile.

"Shika, Mama Hope. Huu hauumi."

Na kweli haukuuma. Adelina akacheka kwa aibu, akaingia ndani, akapika chakula cha usiku bila moshi wa taa ya mafuta kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Basi ikawa ndiyo tabia ya mzee. Mgeni hapewi kiti kabla hajashikishwa waya. Awe padri, awe mchumba wa mtu, atalamba vidole tu, na akishashika anasomewa somo lote. Huu wa betri, Mwalimu alikuwa akisema, ni mkondo mnyoofu: unakwenda upande mmoja tu, kama maji ndani ya bomba, na kwa uchache huu hauna ubavu wa kupenya ngozi ya mtu. Ule wa nguzo ni mkondo geu. Huo unakwenda unarudi, unakwenda unarudi, kama mkono wa mtu anayekuna nazi kwenye mbuzi. Mkono wenyewe haufiki popote, lakini nazi inakwisha. Na huo una nguvu ya kuangusha ng'ombe. Wageni waliitikia huku wanaikodolea macho chai inayopoa. Adelina alilisikia somo hilo mara nyingi kiasi kwamba angeweza kulifundisha akiwa anasonga ugali.

Miaka ikapita, mtaa ukajaa, umeme ukaja. Walisimamisha nguzo, wakapandisha transfoma pale kwenye kona ya duka la Hamoud, mtaa mzima ukatoka kushangilia. Adelina alikuwa na hamu yake ya siku nyingi, friji. Siku lilipoingia aliliwekea kitambaa juu, akaanza kugandisha barafu za ubuyu na kuwauzia watoto wa shule. Usimwone mtu mzima vile, alikuwa akifungua mlango wa lile friji kusikia tu ubaridi usoni.

Mwalimu hakuchukia umeme mpya, ila alikataa nyaya zake kung'olewa. Friji na pasi vitumie wa nguzo, akasema, taa zake zibaki na mkondo mnyoofu. Paneli ilikuwa imechoka, kwa hiyo akatengeneza kisanduku cha bati cha kuichaji betri kutoka kwenye soketi. Alimkalisha mkewe chini, akamfungulia, akamwonyesha. Hii hapa ni transfoma, ndugu mdogo wa ile ya kwa Hamoud. Nyaya zimesukwa mafungu mawili kwenye chuma kimoja, fungu lenye mizunguko mingi na fungu lenye michache, na hazigusani. Moja ikisukwasukwa, nyingine inapokea kupitia kwenye chuma. Ndiyo maana inautaka mkondo geu, kwa sababu mkondo mnyoofu umetulia, hausukisuki kitu. Umeme unaingia huku ni mkali, unatokea huku umepungua. "Lakini sikiliza vizuri," akamwambia. "Transfoma inapunguza tu, haigeuzi. Ukitoka hapa bado unakwenda na kurudi. Kazi ya kuunyoosha ni ya hizi diodi nne." Akavigusa vidude vinne vyeusi, vidogo kama punje za maharage. Upande huu unaua, upande huu hauumi. Adelina akavitazama, akavishika moyoni.

Usahaulifu ulianza kidogokidogo, kama unavyoanza kwa watu wote, tena wakawa wanaucheka. Aliita sufuria kikapu. Akaweka miwani kwenye mtungi wa maji. Kisha asubuhi moja akavaa tai, akabeba chaki, akaondoka kwenda kufundisha katika shule aliyostaafu zamani. Walimu vijana walimwamkia shikamoo, wakampa kiti, wakampigia mkewe simu. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Halafu akatengeneza kisanduku cha pili, cha redio yake, ili isile betri. Alikishughulikia mchana kutwa, anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Alipoiunganisha redio, ikanguruma badala ya kusema, ikatoa moshi, ikafa. Mwalimu akaigeuzageuza, hajui kimetokea nini. Adelina akasogea, akachungulia ndani ya kisanduku. Transfoma ipo, waya zipo. Diodi hakuna hata moja. Mwanaume aliyelisema jambo hilo nusu ya maisha yake alikuwa amelisahau. Adelina hakuwahi kuogopa umeme kama alivyoogopa dakika ile. Akamwambia redio ilikuwa kuukuu, imejifia yenyewe, wala asijisumbue. Mzee akakubali upesi, na kule kukubali upesi ndiko kulikomuuma zaidi mkewe.

Kilichofuata kilitokea adhuhuri, jua linawaka. Adelina alikuwa uani anachambua mchele, akasikia ndani sauti kama ya mtu anayekoroma macho wazi. Akaingia. Mwalimu kakaa kwenye mkeka, kile kisanduku cha kwanza kiko wazi mapajani, plagi bado imo kwenye soketi, na vidole vyake alivyovilamba vimenasa upande wa kuingilia. Mwili wote unatetemeka, macho yamemtoka. Mtu mwingine angemrukia amvute, na watu wa Bunju wangezika wawili. Adelina hakumgusa. Ni Mwalimu huyohuyo aliyemfundisha kwamba aliyenaswa hashikwi, unaanza na umeme. Akaikimbilia swichi kubwa ukutani, akaishusha kwa ngumi. Mzee akaanguka kando, akavuta pumzi.

Walimfunga vidole zahanati, wakasema moyo uko salama, ana bahati. Njiani kurudi alikuwa akiutazama mkono wake uliofungwa kama mali ya mtu mwingine.

"Hauumi ule," akasema. "Mimi nimeushika siku zote. Hauumi."

Hope, binti yao wa pekee, anafanya kazi ya ukarani mjini na anaishi Kinyerezi. Alifika na hasira ya mtu aliyeogopa, nyuma yake fundi aitwaye Brightson. Kisanduku kikaondolewa, taa zikahamishiwa umeme wa nguzo, soketi zikakazwa vifuniko. Adelina akaficha bisibisi zote. Wakadhani yamekwisha. Haikupita wiki akamkuta mumewe amechuchumaa nyuma ya friji, kisu cha mezani mkononi, kifuniko cha soketi kinaning'inia kwa skrubu moja. Alikuwa anatafuta waya zake. Vidole keshavilamba, vinang'aa mate.

Usiombe kukutwa na jambo hilo. Angepiga kelele mzee angeshtuka, na mkono ungeangukia kulekule. Adelina akajikaza, akamwita kwa sauti ya kila siku kwamba chai iko tayari. Mwalimu akaweka kisu chini, akainuka, akaenda kunywa chai. Adelina akabaki pale nyuma ya friji, akakiokota kile kisu.

Akaacha kununua luku, ili umeme uishe wenyewe. Hapo sasa! Mwalimu aliyesahau jina la bintiye hakusahau luku. Alikwenda zake kwa Hamoud na shati lake la heshima, akanunua, akarudi akabonyeza namba bila kukosea hata moja, akafurahi nyumba ilipowaka. Hamoud wa watu angemkatalia vipi? Swichi kubwa nayo ukiishusha aliipandisha. Vidole vilikuwa vinakumbuka vitu ambavyo kichwa kimeviacha.

Hope aliporudi alikuja na shauri lake tayari. Baba aende Kinyerezi, akae chumba kimoja kisicho na soketi, na mlango ufungwe yeye akiwa kazini. Alilisema huku analia, mtoto hana ubaya, naye ndiye atakayeulizwa siku baba yake atakapokufa mikononi mwa mama yake. Adelina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Simfungii mume wangu kama mbuzi," akasema. "Kama ni kufunga, tuufunge umeme. Mwite yule fundi aje akate, arudishe sola ya baba yako."

Hope akageuka akalitazama lile friji lenye kitambaa juu. Alikuwa akijua mama yake alivyolingoja.

"Na friji lako, mama?"

"Litakuwa kabati."

Brightson alifanya kama alivyoombwa, akaleta na paneli nyingine badala ya ile iliyochoka, ingawa alirudia kuuliza kama mama ana hakika. Alipopanda nguzo majirani wakatoka kutazama, na maneno yakaanza siku hiyohiyo. Watoto wa shule waliendelea kupita kuulizia barafu za ubuyu. Adelina aliwajibu hakuna, kesho yake wakaja tena akawajibu hakuna, mpaka wakazoea kupita moja kwa moja. Ndani ya friji aliweka unga, dagaa, na mashati ya mumewe. Siku nyingine aliufungua ule mlango kwa mazoea, akasimama mbele yake, na harufu ya dagaa ikampiga usoni.

Betri nayo imezeeka. Brightson alisema ukweli, inashika chaji kidogo tu na siku moja haitashika kabisa. Magharibi ikiingia taa ya sebuleni inawaka hafifu, inatosha kuona uso wa mtu lakini si kuchambua mchele. Kwa hiyo Adelina huchambua mchana.

Jioni moja ya juzijuzi walikuwa wamekaa chini ya taa hiyo. Mwalimu alitulia, kisha akainua macho akaifuata njia ya nyaya zake darini, nyekundu na nyeusi, mpaka zilipoteremkia ukutani. Akainuka, akachomoa ncha mbili. Adelina aliona mkono wenye makovu unakwenda kinywani, moyo ukamruka kama kawaida, kisha akakumbuka kwamba nyumba hii sasa haina cha kuua mtu. Mzee akalamba vidole, akashika. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akamgeukia yule mama aliyekaa kwenye kiti, akamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mwanafunzi mgeni.

"Njoo, binti. Usiogope. Shika."

Hakumwita Mama Hope. Adelina akainuka, akasogea, akaviweka vidole vyake juu ya shaba. Hakusikia kitu. Shaba baridi tu, na pembeni yake vidole vya mumewe vyenye mate. Machozi yakamtoka hata hakuwahi kuyazuia.

Mwalimu akashtuka. "Umekupiga?"

"Kidogo," akasema Adelina.

Mzee akakataa kabisa. Haiwezekani, akasema, huu ni mkondo mnyoofu, hauna ubavu wa kupenya ngozi ya mtu, labda ameogopa tu. Akamfuta machozi kwa ule mkono wenye makovu, akamkalisha tena kwenye kiti, naye akavuta stuli akakaa mbele yake. Kisha taratibu, bila haraka yoyote, akaanza kumfundisha tangu mwanzo.