Mzamiaji wa Kijiji Chetu

Kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa, nilifanya kazi pwani miaka miwili kwa Mzungu mmoja, mtafiti aliyepiga picha za papa chini ya maji. Aliyezamia ni yeye. Mimi nilibaki kwenye boti nikishika kamba, nikibadilisha filamu na kusuuza kamera ili chumvi isiile. Siku ya mwisho alinivisha mtungi wake wa hewa na miwani ya kuzamia, akanipiga picha nikiwa nimeng'ang'ania ubavu wa boti. Maji yalinifika kifuani, na hata hapo nilikuwa natetemeka.

Nilirudi kijijini kwetu Mbalibali na picha mbili: hiyo yangu, na ya papa aliyeachama mbele ya kamera. Mwanzoni sikusema uongo. Watu waliziweka pamoja wakaniuliza, "Na huyu ulimkaribia hivi?" Nami nikacheka tu. Baada ya wiki moja nilikuwa nimeshamgusa pua. Kufikia masika nilikuwa nimempiga ngumi. Siku za kazi katika shamba la kijiji, mwenyekiti aliniweka kivulini niwasimulie wageni kutoka mjini Mugumu, wenzangu wakilima. Nilikuwa mpumbavu, tena mpumbavu mwenye furaha.

Aliyeniamini kuliko wote alikuwa mwenzangu wa rika, tuliyetahiriwa naye msimu mmoja. Kwetu mtu wa rika lako akiitwa, unaitika nawe. Asubuhi moja dume la ng'ombe la kulimia la kijiji lilikwama kwenye tope la lambo tulilolichimba wote kwa majembe. Akaingia kulikwamua. Dume lilitoka. Yeye hakutoka.

Walikuja kunichukua mbio. Mama yake alikuwa ameketi ukingoni, kanga imelowa mpaka kiunoni. Halii. Akaniambia, "Mura," yaani kijana kwa lugha ya kwetu, "wewe unajua chini ya maji. Nitolee mwanangu nimzike."

Ningeweza kusema sijui kuzamia. Ingetosha. Lakini wanaume waliokwisha kujifunga kamba, tayari kushuka wenyewe, waliponiona walisogea kunipisha. Nikavua shati. Nikaingia mpaka shingoni, nikafumba macho, nikachutama ndani ya maji yale ya rangi ya chai ya maziwa hadi pumzi ikaniishia. Mikono yangu haikupapasa kitu. Ilikuwa imeshika magoti yangu mwenyewe. Nilifanya hivyo mara tatu, kila mara nikisogea hatua chache, kisha nikatoka.

"Nimefika chini kote," nikasema. "Hapa hayupo. Maji yamemsukuma kule kwenye matete."

Kwa kuwa niliyesema ni mimi, walifungua kamba zao wakahamia kwenye matete. Walitafuta huko siku mbili, wakikata na kung'oa, na mama yake akiwafuata nyuma. Siku ya tatu mwenzangu aliibuka mwenyewe, karibu kabisa na pale nilipochutama. Hali aliyokuwa nayo sitaiandika. Mama yake aliiona.

Nilingoja nitukanwe. Niseme kweli, nilitamani nitukanwe, maana ningepata pa kuanzia kuungama. Badala yake watu walisema tope ni baya kuliko bahari, hata mzamiaji hodari hulikosea. Walinitetea kabla sijajitetea. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni majonzi.

Wiki iliyofuata mama yule alikuja nyumbani kwangu amebeba jogoo aliyefungwa miguu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaketi. Akampapasa yule jogoo mbawa.

"Siku ile wenzako wote walisimama ukingoni," akasema. "Ni wewe peke yako uliyeingia kumtafuta mwanangu. Pokea, mura."

Walisimama kwa sababu yangu. Nilikuwa nalijua hilo alipokuwa akinyoosha mikono. Nikampokea jogoo kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, nikamwambia, "Pole, mama. Nilijitahidi."