Aya ya Saba

Wewe una watoto wangapi? Jibu upesi, bila kuhesabu kwa vidole. Kama umejibu na moyo haukusita, shukuru, kisha usome habari za mwanamke ambaye kwa miaka kumi na moja alilijibu swali hilo kwa uongo.

Ofisini tulimwita Mama Chapa. Alikuwa mpiga chapa wa wakili niliyepelekwa kwake na chuo kujifunza kazi, katika chumba kimoja kinachotazamana na mahakama: feni inayozunguka kwa kulalamika, makabati ya chuma, na kiti chake chenye mto uliochoka. Ndoa alizozivunja kwa vidole vyake kumi, alikuwa akisema, zingejaza uwanja wa mpira. Mume na mke waliokwisha kukubaliana kuachana waliletwa mezani kwake. Anawauliza nani anabaki na nyumba, nani anahama, watoto watalala kwa nani siku za shule, kisha anachapa ombi lao la pamoja.

Alikuwa na utaratibu ambao hakuna sheria iliyomfundisha. Kabla ya watu kutia saini, huwasomea ombi lote kwa sauti. Akifika aya ya saba, ile ya watoto wa ndoa, ananyamaza na kuwatazama.

"Semeni nyinyi. Mtoto hatajwi na karani."

Na lazima wawataje kwa vinywa vyao, baba na mama pamoja. Niliona watu walioingia wakirushiana maneno wakitoka kimya kama waliomwagiwa maji. Kuna wawili walioichana karatasi yao palepale mlangoni.

"Unatufukuzia wateja, mama," wakili alinung'unika.

"Wale hawakuwa wateja. Walikuwa na hasira tu."

Mimi nilikuwa na moto wa chuo. Niliamini, na bado naamini, kwamba sheria inayomgeuza binadamu kuwa nafasi ya kujaza ni sheria iliyolala, na kazi yetu vijana ni kuitikisa mpaka iamke. Nilihubiri hivyo kila saa ya chai. Mama Chapa alinisikiliza akipuliza kikombe chake. "Wakili wangu wa kesho," aliniambia, "ukimaliza kuirekebisha dunia, nirekebishie na hii printa."

Alasiri moja aliniita, akanikalisha kwenye kiti chake.

"Leo utasoma wewe. Mwenye ombi hajisomei."

Nilidhani ni mzaha mpaka mumewe alipoingia, fundi wa friji, mwembamba, kofia mkononi, kucha nyeusi kwa grisi.

"Habari za kazi, Mama Kijino," alisema.

Mabega ya Mama Chapa yakapanda kama ya mtu aliyeguswa na barafu. Nami, kwa mdomo wangu usiojua kutulia, nikauliza Kijino ni nani.

"Binti yetu," fundi alijibu. "Aliota jino akiwa na miezi mitatu, tukamwita hivyo. Leo angekuwa na miaka kumi na saba."

Sikujua pa kuweka macho, nikayaweka kwenye karatasi. Nikasoma. Walikubaliana kila kitu: mke anabaki na nyumba, mume anahama mwisho wa mwezi, hakuna anayemdai mwenzake. Nikafika aya ya saba.

"Ndoa hii haina watoto."

"Rudia, kijana," fundi alisema.

Nikarudia. Fundi akafunika kalamu, akaiweka mezani taratibu.

"Sisaini."

"Nimeandika uongo?" mkewe aliuliza. "Fomu inataka walio hai."

"Ndoa imekufa, sawa. Mtoto amekufa, sawa, nilimzika mwenyewe. Lakini kwamba hakuzaliwa? Hapana. Nikitoka kwenye nyumba ile, hii ndiyo karatasi nitakayoondoka nayo, na itaniambia sikuwahi kuwa baba."

Fundi akanigeukia mimi, kama mtu anayejieleza mbele ya hakimu.

"Mwenzangu bado anamsikia mtoto akitembea. Ndala zake, ukumbini kwetu, kila asubuhi. Mimi naacha mlango wa chumba cha mtoto wazi kiasi cha mkono mmoja, alivyopenda mwenyewe, miaka yote hii, na sijasikia hata mkwaruzo. Kilichonibakia ni kumtaja. Nikimtaja, mama yake anatoka nje."

"Ukimtaja ananyamaza," Mama Chapa alisema kwa sauti ndogo. "Siku tatu, siku nne, ukumbi mtupu. Unadhani nakuchukia? Naogopa siku moja utamtaja na hatarudi."

Feni ilizunguka. Hapo moto wangu ukanipanda. Nikasimama, nikasema sheria inaulizia watoto wanaohitaji matunzo, lakini hakuna kifungu kinachomkataza mzazi kuongeza sentensi moja ya ukweli!

"Sheria naijua, mwanangu. Nimeichapa kabla hujaota ndevu. Ondoka kwenye kiti changu."

Akakaa. Akafuta mstari ule, akachapa mwingine: waombaji walijaliwa mtoto mmoja wa kike, jina lake nukta nukta nukta, aliyefariki akiwa na miaka sita. Vidole vilipofika kwenye jina viligoma.

"Nitalijaza kesho," alisema. "Nikiweza."

Fundi aliitazama nafasi ile tupu, akafunua kalamu, akatia saini.

Kesho yake asubuhi niliwasindikiza masjala. Karani alikuwa ameufunga mlango kuzuia vumbi la kufagia. Akapitisha kidole kwenye aya moja moja, muhuri mkononi.

"Hata wewe, Mama Chapa? Haya. Hapa pana pengo. Jina la mtoto?"

Fundi alifungua kinywa, akakifumba. Akamsubiri mkewe. Mama Chapa alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akalitaja jina lote, lake, la baba na la babu. Mumewe akalirudia nyuma yake. Karani akaandika, akagonga muhuri.

Ndipo fundi akageuza kichwa ghafla kuelekea mlangoni.

Mama Chapa alimkazia macho. Uso wake ulikuwa umepauka. "Umesikia?"

"Ndala," alisema fundi.

Mimi sikusikia kitu. Nilichungulia dirishani: ukumbi wa mahakama, nje ya mlango, ulikuwa mtupu, sakafu bado mbichi kwa maji ya deki. Fundi alienda mlangoni bila kuomba ruhusa ya mtu, akaufungua kiasi cha mkono mmoja, akauacha hivyo. Mkewe akaenda kusimama kando yake.