Kitenzi Kisicho na Kwao

Juzi binti yangu alikwama kwenye kazi ya shule, kwenye neno keep. Kabla sijafungua kinywa, simu ilishamjibu. Mimi nikabaki nimekaa, maziwa yanafurika jikoni. Neno lile niliishi nalo muhula mzima, ndugu yangu, Old Korogwe, nyumbani kwa bibi.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na utaratibu wake. Mwanzo wa muhula kila mwanafunzi alikabidhiwa kitenzi kimoja. Akusanye maana zake zote, na wiki ya mwisho asimame mbele ya darasa aeleze kinatumikaje na kilitoka wapi. Rafiki yangu alipewa eat, akamaliza siku hiyohiyo. Mimi nikapewa keep, nikanuna mpaka nyumbani.

Jioni bibi alikaa uani akisokota kamba za katani, harufu ya kisamvu ikitoka jikoni, nami nikimsomea daftari langu. Kufuga kuku, keep. Kutunza siri, keep. Kutimiza ahadi, keep. Kumchelewesha mtu, keep hiyohiyo.

"Maskini," bibi akasema. "Kitenzi hicho kinatumikishwa kama manamba."

Alijua alichosema. Baba yake alikuwa manamba, aliletwa kwa mkataba kukata mkonge, akafa bibi akiwa mchanga. Hakuna aliyekumbuka alitoka nchi gani. Babu naye aliondoka kitambo na mke mwingine. Na kwetu mtu akifa husafirishwa kwao. Jirani yetu, mzee wa Kishambaa, alikuwa akipita anatania: "Mama, mimi watanipandisha Lushoto. Wewe watakupeleka wapi?" Bibi alicheka kila mara. Halafu chakula hakigusi. Nilimchukia yule mzee, nasema kweli.

Kamusi ya asili za maneno ilikuwa moja shule nzima, tuliichukua kwa zamu. Zamu yangu ilipofika niliibeba kichwani, nikaifungua uani kwa bibi. Maneno ya wenzangu yalikuwa na ukoo mrefu, mara Kilatini, mara Kijerumani cha kale. La kwangu, baada ya maelezo mawili matatu, liliandikiwa kwamba asili yake haijulikani. Nikaanza kulia. Niliona wazi darasa zima likinicheka.

Bibi akaweka kamba chini. "Soma tena, mjukuu wangu."

Nikasoma.

"Na wenyewe Waingereza wanalitumia?"

"Kila siku, bibi."

"Hawalifukuzi?"

"Hapana."

Akaniambia nipakue. Jioni ile alikula bada yake yote, ugali wetu wa muhogo, akaongeza. Jirani alipopita kesho yake na utani wake, bibi hakucheka. "Mimi watanizika hapahapa. Kwetu ni hapa." Mzee wa watu akaaga.

Siku hizi kamba ni za plastiki, zinanunuliwa dukani. Kamusi ile sijui iliishia wapi, na nyumba za kambi ya mkonge zimebaki misingi tu. Bibi naye ametutoka. Siku ya msiba nilichoogopa zaidi ni lile swali, na kweli likaulizwa: mgeni mmoja alitaka kujua safari ni ya wapi. Mjomba akasita.

Ndipo jirani yetu, akiwa mkongwe wa kutembelea fimbo, akainuka kwenye mkeka.

"Safari gani?" akasema. "Huyu yuko kwao. Leteni majembe."